Mdogo wangu kaanguka degedege baada ya kupulizia dawa ya wadudu. Ni kifafa?

Kaka Mkubwa: Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu hajawahi kuanguka kifafa, wala kwenye ukoo wetu hakipo. Juzi alikuwa anapulizia dawa shambani, bomba likawa linavuja, shati likalowa mgongo mzima. Mchana jasho na mate vikamtoka hovyo, akatapika, misuli ikaanza kumcheza, mara akaanguka, akakakamaa na kutupatupa mikono na miguu. Hospitali walimtibu, leo karuhusiwa. Nyumbani wanasema tayari ni mgonjwa wa kifafa, atafutiwe dawa za kudumu.

Nesi wa Zamu: Pole sana mkuu. Dalili hizo ni za sumu jamii ya oganofosfeti, kundi la dawa za kuua wadudu. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva na misuli. Ikirundikana, mate na jasho hutoka bila kukoma, na ubongo ukizidiwa mtu huanguka. Degedege la sumu, likitokea mara moja tu, haliitwi kifafa. Asianzishiwe dawa za kudumu kwa maneno ya nyumbani. Dawa gani hasa aliyopulizia?

Kaka Mkubwa: Ilikuwa kwenye chupa ya maji, haina lebo.

Nesi wa Zamu: Hilo linanitia hofu. Zipo za oganoklorini, kundi jingine la dawa za wadudu, kama endosulfani iliyoingizwa mwaka 2011 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu kwenye mazingira, ambazo huleta degedege hata bila mate wala jasho, na matibabu yake ni tofauti. Muulizeni aliyewauzia, mpige picha kopo lenyewe.

Mkulima Mwenzenu: Lile shati msilichanganye na nguo nyingine. Sumu hizi hupenya ngozi. Mtu akilowa avuliwe papo hapo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na anayemwosha avae glavu.

Binti Salama: Akianguka tena mwekeeni kijiko mdomoni asijing'ate.

Nesi wa Zamu: Hapana dada, kijiko huvunja meno na kinaweza kumkaba. Alazwe ubavu, mdomoni msiweke kitu. Ikizidi dakika 5, hospitali. Kaka Mkubwa, mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, misuli ya shingo na ya kupumua inaweza kulegea hata kwa aliyeonekana kapona.

Kaka Mkubwa: Nimemjaribu sasa hivi. Anakiinua kidogo, kinarudi.

Nesi wa Zamu: Ondokeni sasa, msingoje asubuhi. Mkifika semeni: sumu ya shambani juzi, shingo imelegea, aangaliwe upumuaji kwanza.

Kaka Mkubwa: Tunatoka.