Nyanya amerudi Umra: watoto waje hotelini au wabaki?

*Jumatano usiku*

Nassir: Assalaam alaykum nyote. Mama amerudi salama na mafua ya safari yamemwisha, Alhamdulillahi. Jumamosi nataka tumtoe tukale naye pahali pazuri, apumzike na moshi wa jikoni. Nimeifikiria ile hoteli ya Nyali iliyo ukingoni mwa maji, ukikaa unauona Mji wa Kale wa Mombasa ng'ambo. Saa mbili usiku. Bili ni yangu. Nipeni idadi.

Fatma: Allah akuzidishie Ami 🤲🏽 Mimi nipo.

Salim: Nipo na mama Fatma.

Zuhura: Nipo. Lakini tuambiane mapema, watoto wadogo wabaki nyumbani. Pale si pa mbio na makelele. Kuna watu wamejinyima muda mrefu ili wakae wawili saa moja wasikizane, halafu meza ya pili mtoto anagonga kijiko kwenye sahani. Si haki.

Rukia (Mama Yusra): Shikamoo Khalti. Watoto wadogo ukoo huu kwa sasa ni wangu tu, Yusra na Imran.

Zuhura: Marahaba mwanangu. Najua, na nawapenda. Sikusema kwa ubaya.

Rukia (Mama Yusra): Najua si ubaya. Ila Imran ana miezi kumi na bado ananyonya. Ukisema wao wabaki, mimi pia umenibakisha. Baba Yusra yuko zamu bandarini mpaka Ijumaa usiku, Jumamosi atakuwa amechoka, na dada wa kazi Jumamosi huenda kwao Likoni. Arusi ya Kibokoni sikukaa ukumbini hata nusu saa kwa sababu hii hii. Idi tulipokwenda kula nje niliambiwa "wewe una watoto, tutakuletea." Nikaletewa kwenye foili, imepoa. Mara hii ni Nyanya, na mimi ndiye niliyemfungia mabegi ya Umra. Nataka kukaa naye mezani.

Fatma: 😔 Mama Yusra, hilo la Idi sikulijua.

Nassir: Mwanangu, hakuna aliyekuacha. Utakuja. Hapa tunazungumzia namna.

Salim: Jambo hili si letu peke yetu. Januari 2014 kuna hoteli Chicago yaitwa Alinea, mteja hununua tikiti kabla na pesa hazirudi. Mume na mke wakaangushwa na yaya dakika za mwisho, wakaona tikiti zisipotee, wakenda na mtoto wa miezi minane. Mtoto akalia. Mpishi mkuu, Grant Achatz, akauliza Twitter: awakataze watoto au vipi? Watu wakagawanyika dunia nzima. Na Korea Kusini kuna mahali huandikwa mlangoni kabisa kuwa watoto hawaingii. 2017 tume yao ya haki za binadamu ikasema hoteli moja ya kisiwani Jeju, iliyowakataa walio chini ya miaka 13, imewabagua. Hata Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, imetaja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo.

Zuhura: Salim, Katiba haitamnyamazisha mtoto saa tatu ya usiku.

Salim: Haitamnyamazisha, dada, kweli. Lakini yule wa Chicago hakulia kwa kukosa adabu. Miezi minane, usiku, mahali ambapo chakula huja kidogo kidogo kwa saa nyingi. Walioupanga usiku ule ni wakubwa.

Amina: Mjomba kasema neno. Saa mbili usiku ndilo tatizo letu hapa. Magharibi ikishaadhiniwa Imran anaanza kufikicha macho. Saa mbili mtu ndiyo kwanza anakaa, chakula kinakuja saa tatu kasoro. Mtoto ameshachoka, ana njaa, na taa ni hafifu. Mtamlaumu nini?

*Alhamisi asubuhi*

Swaleh: Assalaam alaykum. Nilikuwa zamu, ndiyo nasoma sasa. Mama, nikusaidie upande wako halafu nimsaidie Rukia.

Mimi nimebeba trei hotelini mpaka nikafanywa kapteni wa maweita, kwa hiyo nasema ninayoyaona. Kinachotutisha sisi si kilio. Kilio mama akitoka nje dakika tano kimekwisha, na wageni wengi nao ni wazazi. Kinachotutisha ni mtoto aliyeshuka kitini akawa anakimbia kati ya meza. Weita anatoka jikoni kwa mlango wa kusukuma, trei iko begani, juu yake kuna sahani ya chuma ambayo mafuta bado yanaruka. Macho yake yako mbele. Mtoto wa miaka mitatu kimo chake ni kiunoni. Humwoni. Mwenzangu mmoja alijimwagia supu mkononi na kifuani kwa kumkwepa mtoto. Mtoto hakupata hata tone. Wazazi hawakuinuka kitini, walidhani weita ameteleza.

La pili ni kitambaa cha meza. Mtoto wa umri wa Imran akiona kitu kinaning'inia anavuta, na juu kuna mshumaa, glasi, kisu, chai ya moto. Kwa hiyo mkikaa tu, kabla ya menyu, mwambieni weita aondoe kila kitu mbele ya mtoto na akunje kitambaa upande ule. Hatukasiriki. Tunafurahi kwamba mzazi ameona.

Zuhura: Si ndiyo nasema mimi?

Swaleh: Ndiyo Mama, lakini sikiza la pili. Wateja wanaotupa raha kuliko wote ni wenye watoto waliojipanga. Wanapiga simu mapema: tuna watoto wawili, mmoja anataka kiti kirefu. Hoteli zetu nyingi hivyo viti ni viwili vitatu, ukichelewa vimekwisha. Wanaomba meza ya pembeni, ukutani, mbali na mlango wa jikoni na mbali na baa. Wanakuja mchana. Na wakikaa wanaagiza cha mtoto hapo hapo, jikoni kianze kutoka chenyewe. Tatizo kubwa la watu wetu ni kungojea wote waagize pamoja. Watu wazima wanazungumza, wanasoma menyu nusu saa, mtoto anakula mkate mpaka anashiba, chakula kikija hakitaki tena, sasa ana nguvu na hana kazi. Hapo ndipo mbio zinapoanza.

Fatma: Hii ya kuagiza cha mtoto kwanza nimeipenda.

Rukia (Mama Yusra): Shukran Swaleh. Yusra hula wali mweupe na samaki. Watampikia bila pilipili?

Swaleh: Watapika, hata kama hakiko kwenye menyu. Wali, samaki wa kuchoma, viazi. Ila waombe nguru, kile kipande. Changu na tafi wana miba midogo, kwenye mwanga wa hoteli utaikosa.

Amina: Nami niongeze la kazi yangu ya hospitalini. Chini ya miaka mitano kinachotutia hofu ni kukabwa. Zabibu nzima, korosho na njugu wanazoweka mezani kama vitafunio, soseji iliyokatwa miduara. Zabibu na soseji zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Korosho ziondoke kabisa mbele ya Yusra. Imran asiguse asali mpaka atimize mwaka, hata ile ya kupakwa juu ya mkate. Chaza wabichi wasipewe hata kwa kuonjeshwa. Na kamba kama hajawahi kula, asianzie hotelini. Aanzie nyumbani, mchana, mkimwangalia ngozi na pumzi.

Amina: Na mtoto akikabwa, akawa hawezi kukohoa wala kulia, msimtie kidole kooni kukitafuta kitu msichokiona. Imran, kwa kuwa hajafika mwaka: kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mapigo matano mgongoni kati ya mabega, kisha mgeuze, kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, bonyeza mara tano. Rudia. Tumbo lake msilibonyeze. Yusra ni mapigo matano mgongoni, na kisipotoka ndipo tumbo, kutoka nyuma yake, juu ya kitovu. Na mmoja wenu apige simu ya dharura huku mwengine anaendelea. Nataka kila atakayekaa meza ile alijue hili.

Salim: Nimelihifadhi. Allah atuepushe.

Zuhura: Amin. Amina umesema vizuri. Lakini mimi bado nina langu. Watoto wa siku hizi hukalishwa hotelini wakapewa simu, katuni inalia mpaka baharini. Huyo hajaletwa kula. Amewekwa.

Rukia (Mama Yusra): Khalti hapo tuko pamoja. Simu nitaiweka kwenye begi. Nitakuja na kalamu za rangi na karatasi, na kile kitabu chake cha kitambaa ambacho hakina sauti. Lakini na mimi naomba nisitazamwe kila Yusra akifungua mdomo. Mtoto akiuliza "hii nini?" kwa sauti si fujo. Anauliza.

Zuhura: Sawa, kuuliza aulize.

Fatma: Shangazi, sisi adabu za kula tulizifunza wapi? Si kwenye sinia kwako, Kibokoni? Ulikuwa ukitukalisha na wakubwa, anayechota mbele ya mwenziwe unamgusa mkono. Hukutungojea tukue kwanza.

Zuhura: Sinia ya nyumbani ni nyengine. Pale hakuna mgeni anayelipa.

Salim: Lakini Fatma ana hoja. Tunaijua hadithi ya Umar bin Abi Salama. Alikuwa mtoto, mkono wake unazunguka sahani nzima, na Mtume ﷺ hakumwondoa kwenye chakula. Alimfundisha pale pale: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho karibu yake.

Zuhura: Sallallahu alayhi wasallam. Hiyo sina jibu lake.

Bi Mwanaisha 🎤 *(sauti, Fatma amewaandikia wasioweza kufungua):* "Assalaam alaykum wanangu na wajukuu. Nimesomewa yote. Nassir, Allah akulipe kheri. Mimi usiku sitaki kutoka, macho yangu taa za magari za darajani zinayaumiza. Nitoeni mchana, nishasali Adhuhuri. Na hao watoto waje. Kule nilikuwa nikiwaona watoto wa watu msikitini, wanalala, wanaamka, wanalia, mama zao wanawabeba, nami namkumbuka Imran. Zuhura, usimkaze mtoto wa dada yako. Mama yake hayupo, sisi ndio mama zake. Nikalishieni Yusra hapa kulia, nitamlisha mimi. Na hiyo hoteli wasinipe kitu chenye maziwa mengi, tumbo langu halitaki."

Rukia (Mama Yusra): 😭😭 Nyanya wangu.

Amina: Allah akuhifadhi Nyanya.

Zuhura: Labeka Mama. Nimesikia.

Zuhura: Rukia mwanangu, sikujua kwamba la Idi limekukaa hivyo. Siku ile mimi ndiye niliyesema watakuletea. Leo na kesho mlete Yusra kwangu jioni, nimzoeshe kukaa kwenye kiti meza ya chumbani, si mkekani. Akimaliza aseme "nimeshiba" ndipo ashuke. Kwa siku mbili atashika.

Rukia (Mama Yusra): Nitamleta Khalti, baada ya Alasiri.

Nassir: Basi ni Jumamosi saa saba mchana. Na bahari mchana inaonekana vizuri zaidi. Swaleh, wapigie wewe, lugha yao unaijua.

*Alhamisi mchana*

Swaleh: Nimewapigia. Tuna meza ya watu kumi pembeni, upande wa ukuta, kivuli kipo. Kiti kirefu kimoja tumewekewa. Yusra nitamletea mto wa kukalia. Ukuta wa upande wa maji ni mfupi, hilo nimewauliza mwenyewe, kwa hiyo watoto wakae upande wa ndani, na akishuka mmoja lazima mtu mzima awe amemshika mkono. Ukitaka kumtuliza mtoto kuna ua la nyasi upande wa maegesho, njia yake haipiti katikati ya meza za watu. Meza ya kubadilishia pampasi wanayo kwenye choo cha kina mama tu.

Nassir: Keki? Nilitaka keki ya kumkaribisha Mama.

Swaleh: Ukija nayo kutoka nje wanatoza. Waambie wao waoke, au tukaile kwa Mama Zuhura baada ya hapo.

Zuhura: Kwangu. Nitapika na mahamri.

Fatma: Sasa zamu. Napendekeza kila mtoto awe na mtu wake, na mtu huyo si Rukia. Akilia tu mtu wake anainuka, hangojei kutazamwa wala kuambiwa. Imran ni wangu mpaka Rukia amalize kula. Anayemtaka Yusra aseme, Nyanya atamlisha lakini hawezi kumkimbilia.

Salim: Baba yake si atakuwa ametoka zamu? Yusra ni wake. Mimi nitampokea akitaka kula.

Rukia (Mama Yusra): Nimemuuliza, anasema yeye ndiye atakayekaa naye, hata asipolala. Imran nitamnyonyesha kwenye gari kabla hatujaingia.

Amina: Mnyonyeshe hata mezani, jifunike mtandio. Hakuna atakayekusema.

Zuhura: Akisemwa nitasema mimi.

Nassir: Jambo moja kwa wote. Tukimaliza tutazame chini ya meza. Wali ulioanguka tuuokote sisi, mkubwa mkubwa, kisha weita apanguse yaliyobaki. Na bahshishi ya aliyetuhudumia nitampa mkononi.

Swaleh: Ami Nassir hunifurahisha 😊 samahani, Mjomba. Nimezoea kumsikia Fatma.

Fatma: Mimi nampitia Nyanya saa sita u nusu, akishasali. Rukia, kiti cha gari cha Imran kiko kwako au kwangu?

Rukia (Mama Yusra): Kiko kwako tangu Idi. Njoo nacho, na usisahau mikanda yake ya juu, uliifua ukaianika roshani.