Lenzi ya Biotar ya babu inatoa picha za majivu: ni mpako umekwisha ao ni kitu ingine?

chukudu_na_makala (Goma)

Wakubwa wa filimu, jambo. Niko na apareyi ya Praktica niliachiwa na babu yangu, alikuwa napiga foto za ndoa zamani, pamoja na lenzi mbili za kufunga kwa kuzungusha. Moja ni Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, kuko ka T kekundu ku mbele. Ingine ni Takumar 55mm f/1.8, imeandikwa Super-Multi-Coated. Sasa ona, nilipiga kijana anasukuma chukudu (ile baiskeli ya mbao ya mizigo) imejaa makala, yaani makaa, ku njia ya mawe ya volkano, jua ya saa kumi iko mbele yangu, foto moja na Biotar na foto moja na Takumar, tundu la mwanga f/5.6 zote, kasi ileile, filimu nyeusi-nyeupe ileile. Ya Takumar mawe ni nyeusi tititi, shati yake nyeupe pepepe, kila kitu kinasimama. Ya Biotar ni kama mutu alimwaga majivu juu ya picha nzima, mawe yote kijivu. Lakini nikiangalia na lupu, kioo cha kukuza, maandishi ku mufuko wa makala inasomeka sawasawa ku zote mbili, na hiyo ndiyo inanichanganya. Fundi mumoja wa hapa anasema mpako wa kioo umekwisha, anataka kukisugua na dawa ya kung'arisha ili kiwe kipya. Nimukubalie? Na mpako wenyewe unafanyaka kazi gani kweli?

mzee_wa_labo (Bukavu)

Mudogo, usimuachie asugue. Kwa lenzi za umri wa Biotar yako mpako ni floridi ya magnesi, unene wake kama nanomita 100 tu, yaani robo ya wimbi la mwanga wa kijani likiwa ndani yake. Dawa ya kung'arisha inauondoa chapuchapu, na fundi akiendelea anaharibu umbo la kioo, hapo ndipo ukali unaenda kabisa na haurudi tena.

Kazi yake ni kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo. Kioo kitupu, kila uso unaogusa hewa unarudisha karibu 4% ya mwanga. Biotar iko na vioo sita ndani ya vikundi vinne, kwa hiyo nyuso nane zinagusa hewa, piga hesabu, bila mpako unabaki na 72% hivi. Ule uliopotea si shida, utaongeza muda kidogo basi. Shida ni ule uliorudi nyuma, ukagonga uso mwingine, ukageuka tena mpaka ukafika ku filimu ukiwa hauna mpangilio. Nyuso nane zinafanya jozi 28 za kurushiana mwanga namna hiyo! Unatandaa ku picha yote, pa shati nyeupe hauuoni, lakini pa mawe nyeusi palikuwa karibu hakuna mwanga, kwa hiyo kidogo tu kinageuza weusi kuwa kijivu. Ndiyo maana maandishi yako inasomeka vizuri. Mpako unalinda weusi, ukali unatoka ku vioo vyenyewe.

Hii mambo ilisumbua sana waliounda lenzi. Paul Rudolph wa Zeiss alitoa lenzi ya Planar 1896, hesabu nzuri sana lakini nyuso nane bila mpako, na Tessar ya 1902 yenye nyuso sita ndiyo ikaenea dunia nzima. Mu miaka ya 1930 Ludwig Bertele alitengeneza lenzi za Sonnar za apareyi ya Contax kwa kubandikanisha vioo mpaka vikabaki vikundi vitatu tu. Halafu 1935 Alexander Smakula, naye wa Zeiss, akapata hati ya uvumbuzi wa mpako, na jeshi la Ujerumani likauficha kwanza. Ka T kako kanatoka pale. Asahi, wenye kutengeneza Takumar, walitoa mipako ya tabaka nyingi ku Takumar 1971, saba walikuwa wanasema, uso mumoja unarudisha 0.2% hivi. Takumar yako iko na nyuso kumi, inazidi Biotar, na bado weusi wake ni safi.

Sasa nifikie ile ninayoshuku, ukungu ndani ya lenzi. T inasema Biotar iko na mpako wa tabaka moja, ule unaacha 1.5% hivi kwa kila uso. Jua ikiwa mbele Takumar lazima imushinde, lakini si majivu ya namna unaeleza. Fanya hivi usiku: zima taa, fungua tundu mpaka f/2, weka tochi ya simu nyuma ya lenzi kwa upande. Kioo safi kinabaki cheusi, ukungu unawaka. Kisha simama chini ya balbu moja na uangalie vibalbu vidogo vinavyopangana mu kioo. Vya zambarau na buluu, mpako uko. Kenye kubaki cheupe kabisa, uso ule hauna mpako.

mama_virunga (Goma)

Nakubali yote ya mzee, naongeza ya hapa kwetu. Vumbi ya Goma ni mawe ya volkano iliyosagika, inakwaruza, na mipako ya miaka ya 40 na 50 iko laini, ukipangusa na tishati ikiwa kavu unachora mistari. Nunua pwari mpya ya mpira ku farmasi, ile ya kubonyeza inatoa hewa, upulize kwanza, halafu burushi laini, kitambaa na tone la alkoli ni ya mwisho kabisa.

Na parasoleyi, kile cha kukinga lenzi na jua, iko wapi?? Kunja karatasi nyeusi mbele ya lenzi, ao simamisha mukono juu mpaka kivuli chake kifunike kioo chote bila vidole kuingia mu picha, utaona mu viza, pale unachungulia, weusi unarudi papo hapo.

Lakini mzee, kwa heshima, mimi majivu kidogo nayapenda. Juu ya mawe yetu, na jua kali, lenzi yangu ya mbele ya vita isiyo na mpako inanipa kitu mu kivuli, pale lenzi mpya inatoa shimo tu.

mzee_wa_labo (Bukavu)

Mama, kwa filimu nyeusi-nyeupe uko na haki, ule mwanga wa kuzagaa unasukuma kivuli mpaka filimu inaanza kukishika, halafu unachapisha ku karatasi ngumu zaidi, ile inayotenganisha sana nyeusi na nyeupe. Lakini tofauti ndogo ndani ya kivuli zinapungua. Na kwa filimu ya rangi siipendi hata kidogo, rangi zinafifia zote.

chukudu_na_makala (Goma)

Aksanti sana wakubwa. Nimefanya ya tochi jana usiku. Vibalbu viko na rangi vyote, zambarau zaidi, kamoja buluu, hakuna cheupe. Lakini na tochi nyuma, kioo kimoja cha katikati, karibu na majani ya tundu (yale yanayolifungua na kulifunga), kinawaka kijivu chote, duara nzima. Hakuna nyuzi nyuzi kama za kuvu. Ni nini?

mzee_wa_labo (Bukavu)

Ni mafuta ya yale majani. Kwa miaka yanageuka mvuke na kutua ku kioo cha karibu. Mara nyingi inatoka na alkoli tu, kioo kinabaki kizima na mpako wake. Lakini lazima mutu afungue lenzi na aweke alama pa kila uzi wa kuzungusha mbele ya kutoa kikundi, ikirudi na kosa kidogo focus inahama. Ule wa kusugua asiiguse. Ukipanda boti ya kuja Bukavu niletee, tutaifungua pamoja ili ujifunze, na filimu ile uliyopiga chukudu uibebe nayo, nataka kuona negatifu zote mbili kando kando.

mama_virunga (Goma)

Nami niko na Tessar yenye ukungu, mzee, nitamupa aibebe.