Programu ya "kuokoa data" imeandika juu ya diski yangu iliyoharibika, halafu inaniambia IMEFANIKIWA!

Wakuu, nina hasira na uzi utakuwa mrefu. Asiyetaka kusoma apite.

Nina diski ya nje ya TB 2, imefomatiwa exFAT (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski). Kebo ilichomoka mafaili yakiwa bado yanaandikwa, na tangu hapo kila nikiichomeka kompyuta inanitaka niifomati kwanza. Kwa exFAT hilo ni jambo la kawaida. Haiweki kumbukumbu ya mabadiliko kama NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, na mara nyingi ina jedwali moja tu la kuonyesha faili linaendelea wapi, bila nakala ya akiba. Uandishi ukikatika katikati, saraka (orodha ya majina ya mafaili na mahali yanapoanzia) inasema hivi na jedwali linasema vile. Data yenyewe ipo palepale ilipokuwa.

Nikapata programu moja ya kulipia, jina silitaji. Ukurasa wao wote ni "salama", "asilimia 100", "bofya mara moja". Skani ya bure ikanionyesha folda zangu kwa majina, ukubwa na tarehe. Zote! Kwa hiyo ilikuwa imeshaona kila kitu kiko wapi. Nikalipa. Baada ya malipo kikatokea kitufe kimoja: "Rekebisha saraka". Hapakuwa na mahali pa kuchagua diski nyingine ya kuhifadhia, wala onyo kwamba itaandika kwenye diski ileile mbovu, wala njia ya kurudisha hali ya awali.

Ikamaliza. Alama ya kijani, "Imefanikiwa". Nafungua diski, kweli inafunguka, lakini folda kibao ni tupu, na pembeni kuna folda mpya inaitwa FOUND.000 imejaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, FILE0002.CHK... Wenye uzoefu na Windows mshacheka. Hayo ndiyo majina ambayo chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, huyapa mabaki yaliyokosa mwenyewe. Nashuku jamaa wanaiita chkdsk /f (yaani kagua na urekebishe) kwa nyuma, wameipaka rangi tu na kuiwekea bei.

Sasa kinachoniudhi hasa. Kurekebisha saraka ni kazi moja na kuokoa mafaili ni kazi nyingine kabisa, na hawa wanaziuza kwa jina moja. Kurekebisha lengo lake ni diski isijipinge yenyewe: rekodi isiyokubaliana na wenzake inakatwa, mnyororo wa vipande vya faili usio na jina unatupwa pembeni, mwishoni diski ni safi hata kama imebaki tupu. Kwa hesabu hiyo neno "Imefanikiwa" si uongo, na ndiyo maana linakera zaidi. Kuokoa ni kusoma tu, bila kuandika hata baiti moja kwenye diski mbovu, na kunakili kinachosomeka kwenda diski nyingine. Mtu aliyepoteza mafaili anataka hiyo ya pili. Anatangaziwa ya pili, anauziwa ya kwanza.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri zaidi, maana vya bure vinafanya. chkdsk yenyewe bila /f inasoma na kutoa ripoti tu. TestDisk, chombo cha bure cha kuokoa data, haigusi jedwali la patisheni (migawanyo ya diski) mpaka wewe mwenyewe uchague kuandika, na kabla ya hapo inakuruhusu kuorodhesha mafaili na kuyanakili kwingine. e2fsck, kikaguzi cha diski cha Linux, ina -n ya kuangalia bila kubadilisha, na ina -z inayohifadhi kila bloku ya zamani kwenye faili kabla ya kuandika juu yake, ili ukijuta urudishe kwa e2undo. DiskWarrior ya Mac, ambayo ni ya kulipia, hujenga saraka mpya pembeni na kukuonyesha kabla ya kuibadilisha ile ya zamani. Hawa wangu wameshindwa hata kuweka swali moja la "una uhakika?"

Nikawaandikia. Jibu la kwanza: diski yako imekufa kimwili. Nikawatumia ripoti ya SMART, ile diski inayojipima afya yake yenyewe: sekta mbovu zilizohamishwa sifuri, zinazosubiri kuhamishwa sifuri. Jibu la pili: hela hairudi kwa sababu programu "ilikamilisha kazi". Kazi ya nani?

Diski nimeichomoa baada ya kuchukua taswira yake yote (nakala kamili, baiti kwa baiti) kwa programu ya ddrescue, na kuanzia sasa nafanya kazi kwenye taswira tu. PhotoRec, chombo cha bure cha kutafuta mafaili yaliyopotea, nimeijaribu humo. Picha zinatoka kwa sababu inatambua mwanzo wa JPEG bila kuhitaji saraka, lakini hazina majina wala folda, na video ndefu zilizokatikakatika zinatoka mbovu. Kwa aliyewahi kushughulika na exFAT baada ya chkdsk kupita: kuna namna ya kuzipata rekodi za zamani za saraka, zile zilizowekewa alama ya kufutwa lakini bado hazijaandikwa juu? Najua exFAT hugeuza biti moja tu kwenye rekodi, jina linabaki mpaka nafasi itumike tena. Nataka chombo kinachosoma hizo. Kinachosoma TU.

Na kama umelipia programu ya aina hii na kitufe chao kikafanya hivihivi, weka hapa chini ilikuwa mfumo gani wa mafaili na walikujibu nini. Leo asubuhi hao jamaa wamenitumia barua pepe kwamba leseni yangu itajihuisha yenyewe.