Kwa nini mmea huzalisha wenyewe oksijeni inayoweza kuua seli zake?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Ninafundisha baiolojia kidato cha sita, na wanafunzi wameniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu juu juu. Kitabu chetu kinazitaja superoksidi na hidrojeni peroksidi, yaani aina kali za oksijeni, kuwa ni taka za usanisinuru zinazoharibu utando wa seli, protini na DNA, na kwamba vimeng'enya kama katalasi huziondoa. Mbona basi mmea una pia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzizalisha?

Jibu la 1
Mwalimu, neno "taka" ndilo linalopotosha. Mwaka 1983 Noriyuki Doke, mtafiti wa Japani, alionyesha kwamba kiazi kinapovamiwa na aina ya *Phytophthora infestans*, kimelea cha ugonjwa wa bakajani wa viazi, ambayo kina kinga dhidi yake, tishu zake hutoa superoksidi, na seli zilizoguswa hufa upesi. Kimelea hicho huanza kwa kujilisha kwenye seli hai, hivyo seli chache zikifa mapema hukosa pa kuendelea. Kimeng'enya unachokiulizia, NADPH oksidesi, kimekaa kwenye utando wa seli na huimwaga superoksidi upande wa nje, nayo hugeuka kuwa hidrojeni peroksidi, ambayo huimarisha ukuta wa seli na kupeleka taarifa ndani.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, ila tusiishie kwenye ulinzi. Kwa ukungu wa kijivu, *Botrytis cinerea*, ambao hujilisha kwenye tishu zilizokufa, kifo hicho humnufaisha adui. Tena wakati wa ukame homoni ya asidi absisiki huongeza hidrojeni peroksidi katika seli linzi, zile zinazozunguka stomata (vitundu vya hewa vya jani), na stomata hufunga. Hata vinywele vya mizizi vya *Arabidopsis*, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, havirefuki vizuri pale jeni moja ya NADPH oksidesi inapoharibika. Kwa maoni yangu, hoja kubwa ni kiasi, mahali na wakati.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, lipo jaribio lisilo na hatari?

Jibu la 1
Lipo. Katakata kiazi kibichi na kingine kilichochemshwa kikapoa, kisha dondoshea vyote hidrojeni peroksidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Kibichi kitatoa povu la oksijeni kwa sababu ya katalasi. Kilichochemshwa kitatulia, kwani joto limekiharibu kimeng'enya. Parakwati, dawa ya kuua magugu ambayo hupokonya elektroni katika kloroplasti na kuzikabidhi oksijeni hadi jani likaungua juani, ingeonyesha upande wa pili wa somo, lakini usiiingize darasani kamwe: ni sumu kali isiyo na kiuasumu.