Nina rakimani watatu, mabeki sina. Nimtoe Gawn au nisubiri? Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Mbeba Maboksi (mleta mada), Oktoba 2024

Wakuu kwema? Wakubwa shikamooni.

Najua humu tumezoea Simba na Yanga, ila nimeshaona zaidi ya mara moja watu wa huku Australia wakibishana kuhusu mpira wa yai wa huku, ligi ya AFL. Naomba hao ndio wanisaidie, wengine mpite kwa amani.

Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la vyakula vya baridi hapa Dandenong, Melbourne. Tuko kumi kazini, tuna ligi yetu ya fantasi: kila mtu ana timu ya karatasini ya wachezaji wa kweli wa AFL, na wanachofanya uwanjani ndicho kinampa pointi. Siyo ile ya kuanza upya kila Machi. Huku mchezaji ukishamchukua ni wako mpaka umtoe mwenyewe. Kila mtu ana listi ya wachezaji 26. Mwisho wa Oktoba unabakiza 16, kumi wanarudi kapuni, halafu mwezi wa pili tunakaa kwenye drafti, yaani kuchagua wachezaji kwa zamu (siyo ile ya vizibo chini ya mwembe). Anayeshika mkia anavaa jezi ya klabu ya Collingwood zamu nzima. Mwaka jana niliivaa mimi, na ilikuwa saizi ya mtoto.

Wanaohesabiwa kila wiki ni mabeki 5, viungo 6, fowadi 5 na rakimani 1. Kwa asiyejua, rakimani ni lile jitu la mita mbili na ushee linalorukia mpira refa akianzisha mchezo katikati. Mimi ninayo majitu matatu: Max Gawn wa Melbourne, Brodie Grundy wa Sydney na Tim English wa Western Bulldogs. Sikupanga. English nilimchukua kwenye drafti ya kwanza. Ya pili, Grundy kaniangukia wakati wenzangu wote wanamkimbia. Gawn nikampata kwa jamaa aliyekuwa na hasira zake.

Kwenye viungo niko vizuri: Bontempelli, Merrett, Neale, Liberatore. Nyuma ndiko aibu. Nina Harris Andrews na Aliir Aliir, wengine ni vijana ambao hata kocha wao hana uhakika nao. Kuna wiki mabeki wangu wawili nikiwajumlisha ndio wanamfikia Gawn peke yake.

Sasa juzi saa kumi alfajiri jamaa wa forklifti kaja na ofa, kaiandika kwa maka peni ubavuni mwa boksi la kuku: GAWN + MERRETT = RYAN + NASIAH. Yaani Luke Ryan wa Fremantle na Nasiah Wanganeen-Milera wa St Kilda, wote mabeki. Boksi lenyewe likapakiwa kwenye lori likaenda zake, ila ofa ipo mpaka Ijumaa.

Nikubali?

---

Kiazi Mbatata

Mpira wa yai ndio mdudu gani? Yai la kuku au la mbuni?

---

Mzee wa Footscray

Kiazi, wachezaji 18 kwa 18, uwanja wenye umbo la yai, nguzo nne kila upande, katikati ya zile mbili ndefu ni bao, pointi 6. Pembeni yake pointi 1. Basi, kaa pembeni ujifunze.

Mleta mada, kabla sijajibu: mnatumia hesabu ya kawaida ya fantasi au mmejitungia?

---

Mbeba Maboksi

Ya kawaida mzee wangu. Teke 3, pasi ya ngumi 2, kudaka 3, kumkamata mwenye mpira 4, bao 6, kila mpira rakimani anaougonga anaporuka 1. Ukimchezea mtu faulo unakatwa 3.

---

Mzee wa Footscray

Hapo ndipo ugonjwa wako ulipo. Andrews na Aliir ni mabeki hodari, timu yoyote ingewataka. Lakini kazi yao kubwa ni kuupiga mpira ngumi usimfikie fowadi. Ngumi hiyo inaokoa bao, na kwenye hesabu yenu ni sifuri. Wewe unataka wale wa pembeni wanaopokea mpira, wanapiga teke, wanarudishiwa, wanapiga tena. Ryan ni wa aina hiyo, mara nyingi ndiye anayeanzisha mpira kutoka golini. Nasiah ndiye zaidi, ana mguu kama rula.

Kwa hiyo jamaa anakuletea dawa ya ugonjwa wako kweli. Swali ni bei. Na hapa nacheka mwenzenu, maana unao Gawn na Grundy kwenye listi moja. Melbourne wenyewe walijaribu! Mwishoni mwa 2022 Collingwood walikuwa wamebanwa na ukomo wa mishahara, wakamtoa Grundy kwenda Melbourne kwa chaguo la 27 (yaani zamu ya 27 ya kuchagua kwenye drafti ya ligi), na sehemu ya mshahara wake wakaendelea kuilipa wao. Kila mtu akasema Melbourne wamelamba dume. Ulipofika msimu wa 2023, majitu mawili yakawa yanakanyagana. Mmoja akiwa katikati mwingine anapelekwa mbele kufanya ufowadi asiouweza. Grundy akaishia kuteremshwa timu ya akiba, msimu ukaisha wakampeleka Sydney. Huko akawa rakimani wa kwanza, akacheza mpaka fainali ya 2024. Wakafungwa na Brisbane kwa tofauti ya 60, ndiyo, lakini alifika.

Wao walau waliweza kuwaingiza wote wawili uwanjani. Wewe sheria yenu inahesabu mmoja. Wawili wanakaa benchi na pointi zao, kama mchele uliofungiwa stoo na nyumbani watu wanalala njaa.

---

Wa Lodwar

Niaje wadau. Mimi nimekuja kumtetea Aliir tu. Huyo jamaa alizaliwa huku kwetu Kakuma, kambini, wazazi wakiwa wamekimbia vita Sudan. Sydney walimtoa 2020 kwenda Port Adelaide kwa chaguo la raundi ya pili la mwaka uliofuata, bei ya kutupa. 2021 akaingia kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Kwa hiyo ukimtoa ujue historia haitakuacha.

---

Mbeba Maboksi

Kaka Aliir simtoi. Huyo nilimchukua kwa moyo, pointi haziko kwenye mazungumzo.

---

Dada Nesi Adelaide

Mimi ni Port damu kwa hiyo hapo kwa Aliir asante. Ila mdogo wangu, moyo unakula nafasi. Unabakiza 16 tu. Weka hesabu ya nafasi kabla hujaweka ya pointi. Rakimani watatu ni nafasi tatu kati ya 16, na inayozaa kila wiki ni moja. Ukiongeza Aliir wa mapenzi, umeshaingia msimu ukiwa na wachezaji 13 wakati wenzako wana 16.

Na hii ofa ya wawili kwa wawili haikupunguzii nafasi hata moja. Unaziba tundu nyuma unafungua tundu katikati. Merrett ni kiungo wa Essendon, mtu wa kukupa pointi wiki baada ya wiki bila kelele. Huyo jamaa anamtaka Merrett, Gawn kamuweka mbele ili macho yako yabaki kwake. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

---

Mzee wa Footscray

Dada umenipita. Nakubali.

---

Chuma Chakavu

Mimi napinga wote. Rakimani hauzwi! Fanyeni hesabu. Klabu ziko 18, kila klabu kwa kawaida ina rakimani mmoja wa uhakika. Ninyi mko kumi. Huyu kashika watatu, wote wa daraja la juu. Waliobaki 15 wanagawanywa kwa watu tisa, na nusu yao ni magoti mabovu. Akikaa kimya mpaka Mei, majeruhi yakianza, watakuja kupiga magoti wenyewe. Hapo atadai anachotaka. Kuuza sasa ni haraka ya bure.

---

Dada Nesi Adelaide

Chuma, hoja yako ingekuwa tamu kama kusingekuwa na tarehe ya kubakiza 16. Mpaka Mei atakuwa ameshawaacha wachezaji gani ili awalishe hao watatu? Halafu Gawn anafikisha 33 Desemba hii. Mtu wa kilo zaidi ya mia anayeruka na kugongana goti kwa goti mara kadhaa kila mechi, umuweke akiba mpaka Mei kama hati ya kiwanja?

---

Chuma Chakavu

Haya, Gawn sawa. Ila asiuze wawili. Abaki na mmoja wa dharura.

---

Papa Goma

Ndugu yangu, mie niko Brisbane, nimetoka Goma. Swali moja. Huyu wa forklifti listi yake ikoje? Ana rakimani? Watu wote hapa wanaangalia listi yako, hakuna aliyeangalia ya kwake.

---

Mbeba Maboksi

Papa umeniamsha. Nimepitia listi yake mapumziko ya chai. Ana rakimani mmoja tu na huyo kaumia goti, hatarajiwi mpaka katikati ya msimu. Mabeki anao saba wa maana, yaani wawili wanamkalia benchi kila wiki. Na kuna jambo nilikuwa naliona la kawaida: mwakani msimu ukiisha anahamia Perth kufanya kazi migodini, ligi anaiacha. Anataka kombe la 2025, basi.

---

Papa Goma

Sasa si umemaliza? Yeye miaka haimhusu. Nasiah ana miaka 21, uzuri wake wote uko mbele, wakati mwenyewe atakuwa Perth. Gawn uzuri wake ni sasa. Kila mtu anampa mwenzake kitu asichokihitaji. Merrett anatafuta nini humo?

---

Mzee wa Footscray

Papa Goma, hebu nikusalimie kwa mikono miwili.

Mleta mada, sikiliza kisa kimoja cha zamani. 2001 Hawthorn walimtoa Trent Croad, kijana aliyekuwa anapendwa mno, pamoja na Luke McPharlin, kwenda Fremantle. Wakapewa chaguo la 1, la 20 na la 36. Mashabiki walilia. Chaguo la 1 wakamchukua Luke Hodge. La 36, ambalo hakuna aliyelijali, wakamchukua Sam Mitchell. Mitchell akawa nahodha wa ubingwa wa 2008, Hodge akawa nahodha wa 2013, 2014 na 2015. Na utamu wake, Croad mwenyewe alirudi Hawthorn baada ya misimu miwili, na 2008 alikuwemo uwanjani.

Lakini la 20 je? Hakuwika. Ndiyo maana nasema, jamaa akikuongezea chaguo la drafti pokea, ila usilihesabu kama mtu. Dai mtu kwanza.

Mkabili hivi: Gawn kwa Nasiah, mkono kwa mkono, na chaguo lake la raundi ya pili juu. Atakataa chaguo. Mwambie basi shuka raundi ya tatu. Merrett usimtaje kabisa, wala usimkatae. Yeye ndiye amtaje.

---

Kiazi Mbatata

Mimi sijui kitu ila nimeanza kumpenda huyu Gawn.

---

Chuma Chakavu

Na English je? Maana Grundy ana 30, English 27. Mimi ningebaki na English, niuze wazee wote wawili.

---

Dada Nesi Adelaide

Hapo Chuma nakuunga mkono, kwa shingo upande. Ila Grundy apelekwe kwa mtu mwingine, asiende kwa huyu wa forklifti. Ukimpa mtu mmoja rakimani wawili umemhamishia ugonjwa, na yeye atautumia kukubana.

---

Wa Lodwar

Klabu ya Richmond wamefanya hivyo hivyo dirisha hili la 2024, si mmeona? Bolton kaenda Fremantle, Rioli Gold Coast, Baker West Coast. Kila mmoja kwake. Wameshika mkia mwaka huu na wana chaguo la 1 mkononi, wameamua bora kuvunja nyumba yote wajenge upya. Wewe hujafika huko, wewe unahamisha kabati tu.

---

Mbeba Maboksi

Wakuu, mrejesho. Jana usiku nilimfuata kwenye chaji ya forklifti, akiwa ameketi anakula. Nikamwambia Gawn kwa Nasiah na chaguo la raundi ya pili. Akacheka, akasema na Merrett. Nikanyamaza kama mzee alivyofundisha. Tukakaa kimya kama dakika nzima hivi, yeye anatafuna mkate. Akasema raundi ya pili hapana. Nikasema ya tatu. Akafuta mkono kwenye suruali, tukashikana.

Grundy nimeongea na dada wa ofisi ya mizigo, ana Luke... hapana, siyo Ryan, Ryan bado yuko kwa forklifti. Anataka kunipa beki mmoja wa makamo na fowadi. Nimemwambia anipe hadi Alhamisi nimuulize "wazee wangu". Anadhani nina baraza la ukoo.

English kabaki. Aliir kabaki, namba 16 kwenye karatasi.

---

Dada Nesi Adelaide

Beki gani huyo? Taja jina, na umri wake, na kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa goti. Usimjibu mtu kabla hatujamuona.

---

Kiazi Mbatata

Nasiah anacheza lini? Nataka kuangalia.