Tupeane uzoefu: mlioanza pushapu ukubwani, mlianzia wapi?

Mzee Kijana
Wakuu, jana nimemwona kijana anapiga pushapu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu anaongea. Nikakumbuka zangu za kwanza, nilikuwa nimeshavuka miaka 55. Kushuka nilishuka vizuri, tena kwa madaha. Kupanda ndiyo ikawa kesi. Nyie mlioanza na mvi kichwani mlianzia wapi? Vijana wenye vifua vya kupasua fulana kaeni pembeni kidogo, leo zamu yetu.

Mama Subira
Kushuka hata gunia linashuka mkuu 😂

Mstaafu Mbishi
Pushapu ni sakafuni. Hizo za ukutani ni kusukuma nyumba.

Bibi Tizi
Mbishi, nyumba nimeisukuma sana na bado ninayo hamu.
Mimi bega la kulia liliganda. Zipu ya mgongoni siifikii, nikitaka kuchana nywele nainamisha kichwa kiufuate mkono. Lilipoanza kuachia, mtaalamu wa viungo akanisimamisha mbele ya ukuta: viganja usawa wa kifua, miguu nyuma kidogo, sogea mpaka pua ikaribie ukuta, rudi. Nikadhani ananitania. Kufika za mwisho mikono yote inatetemeka.
Baadaye nikahamia kaunta ya jikoni, kisha nikajaribu ukingo wa kitanda. Kitanda achaneni nacho. Godoro linabonyea, kiganja kinazama, kesho yake kifundo cha mkono hakigusiki. Kilichonifaa ni ngazi za ndani. Unaanza na kipandio cha juu unachokimudu, ukikizoea unashuka kimoja, na kila ukishuka mwili unazidi kuwa mzito. Huhitaji mtu wa kukwambia kama umeendelea, unajiona uko cha ngapi. Sasa nimebakiza viwili, na kimoja kati ya hivyo kimenigomea kabisa.

Kiuno Kigumu
Ngazi oyee. Hata mimi.

Msomaji Tu
Ngazi za nini na za magoti zipo? Piga magoti, maliza kazi.

Mtu wa Viungo
Hii ndiyo kazi yangu, naomba niingilie. Wengi wanadhani ukitoka ukutani zinazofuata kwa wepesi ni za magoti. Sivyo. Kwenye vipimo, pushapu kamili inakubebesha takriban asilimia 64 ya uzito wako, za magoti 49, na ukiweka mikono juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60 ni 41. Yaani mwenye kilo 80 anasukuma kama kilo 51, 39 na 33. Kwa hiyo anza na benchi imara, lisiloteleza. Faida nyingine ni kwamba ukiinua mikono mwili unabaki umenyooka kutoka kisigino mpaka kichwa, tumbo na makalio navyo vinafanya kazi. Viwiko msivitawanye pembeni kabisa, virudi nyuma kiasi, nyuzi 45 hivi, bega lisibanwe.

Msomaji Tu
Mimi za magoti zimenifikisha sakafuni na sikuwa na mizani.

Mtu wa Viungo
Hongera. Sijasema hazifikishi.

Msomaji Tu
Umesema "sivyo".

Mama Subira
Jamani nyie.

Mke wa Jemedari
Ngojeni niwape ya mzee wangu. Ana presha, anameza vidonge, na anajua. Siku hiyo kitinda mimba wetu kamtania mbele ya wakwe kwamba hawezi hata kumi. Mzee akavua shati. Akalala chini, akajaza pumzi kifuani, akaibana, akaanza. Hiyo pumzi hakuitoa hata mara moja! Uso umeiva, mshipa wa shingo umesimama, na sisi tunahesabu kwa sauti eti tunamtia moyo. Mara mikono ikaachia. Puu! Uso sakafuni. Jino la bandia likachomoka, likateleza mpaka chini ya kabati. Mjukuu wa miaka mitatu kuona babu kalala kifudifudi, akajua ni mchezo wa farasi, akampanda mgongoni. Mimi napiga kelele ashuke, kijana anammwagia baba yake maji, mama mkwe anasali. Mzee kufumbua macho, neno la kwanza: "Mmefika ngapi?"

Kiuno Kigumu
😂😂😂 Mlifika ngapi?

Bibi Tizi
Pole mwaya. Na jino?

Msomaji Tu
Jino lilipatikana??

Mtu wa Viungo
Kucheka chekeni, ila huyo aliponea. Kubana pumzi huku unasukuma kunapandisha presha ghafla, na ukiachia inaweza kushuka ghafla, ndipo giza linapoingia machoni. Vuta pumzi ukishuka, itoe ukipanda. Ukiwa msahaulifu, hesabu wewe mwenyewe kwa sauti, huwezi kuhesabu umebana pumzi. Na kifua kikibana, maumivu yakatambaa mkononi au kwenye taya, hayo msiyachukulie kuwa ni misuli. Acha na uende hospitali muda huohuo. Mzee alimwona daktari?

Mke wa Jemedari
Alimwona, akabadilishiwa vidonge. Jino lilitolewa na fagio jioni. Sasa anafanyia kwenye kaunta, na kijana kapigwa marufuku kuhesabu.

Mstaafu Mbishi
Kwa hiyo sakafu imekosa nini? Aliyebana pumzi ni yeye.

Mama Subira
Mbishi leo nakubaliana nawe na inaniuma.

Mzee Kijana
Wakuu, turudi. Vifundo vya mikono mnafanyaje? Vyangu vinalalamika kuliko kifua.

Kiuno Kigumu
Kunja ngumi, weka juu ya taulo.

Bibi Tizi
Ngumi zitakuumiza vidole. Shika dambeli zenye kingo bapa, zisizoviringika, kifundo kinanyooka.

Msomaji Tu
Au pumzika. Mimi nafanya kila siku na siumwi.

Mtu wa Viungo
Kila siku kwa anayeanza ni nyingi, misuli inahitaji siku ya kujijenga. Shirika la Afya Duniani linasema mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na wa miaka 65 kwenda juu waongeze ya nguvu na usawa wa mwili angalau siku 3.

Kiuno Kigumu
Kuna yule mwalimu mstaafu wa Kanada, DonnaJean Wilde, mwaka 2024 akiwa na miaka 58 alikaa planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu bila kusogea, zaidi ya saa nne na nusu. Mimi dakika moja naona malaika.

Mstaafu Mbishi
Planki si pushapu.

Mama Jirani
Mmeongea yote, hamkusema mtu akishamaliza anainukaje. Mimi pushapu naweza, kusimama ndiyo siwezi.

Bibi Tizi
Geuka ubavu, jiinue kwa mikono mpaka ukae kwa magoti na viganja, vuta kiti kizito karibu, shika kalio lake, tanguliza mguu wenye nguvu, sukuma. Usikurupuke, utapata kizunguzungu. Na kiti kiwe kimeegeshwa ukutani kabla hujalala chini, si baada.

Mama Jirani
Kiti changu kina magurudumu.

Bibi Tizi
Basi fanyia ukutani, dada.