Zambarau kwenye ukingo wa Mwezi: filta, kadi, kioo au ED?

Jiwe_la_Capri
Wakuu, habari za jioni. Nina darubini ndogo ya lenzi, kipenyo milimita 80, fokasi (umbali toka lenzi hadi mwanga unapokutana) milimita 400. Makundi ya nyota naona vizuri sana. Shida ni Mwezi. Nikipiga kwa simu nikiwa huku mawe ya Capri Point, Mwanza, ukingo wote unazungukwa na utepe wa zambarau, na vivuli vya kreta (mashimo ya Mwezi) vinatoka vya bluubluu badala ya vyeusi. Nimeshauriwa filta ya njano, kuubana mdomo wa darubini kwa kadi, kuhamia ya kioo (inayorudisha mwanga badala ya kuupitisha kwenye lenzi), au kujichanga nipate lenzi ya ED (kioo maalumu kinachotawanya rangi kidogo). Aliyejaribu zaidi ya moja anisaidie kulinganisha. Hela ni ya kuungaunga, sitaki kukosea.

Fundi_Kirumba
Mkuu, tuanze na ugonjwa wenyewe. Lenzi hupinda mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kwa hiyo kila rangi inakutana mahali pake. Lenzi pacha za vioo viwili tofauti, zile John Dollond alizopatia hataza Uingereza mwaka 1758, huzikutanisha nyekundu na bluu. Zambarau inaachwa nje, na ndiyo hiyo unayoiona. Yako ni f/5, yaani fokasi 400 gawanya kwa kipenyo 80. Kanuni ya wakongwe: kipenyo kwa inchi zidisha mara 3, f isipungue hapo. Milimita 80 ni inchi 3.15, ulihitaji f/9.5 hivi. Si mbovu, imetengenezwa kwa kutazama eneo pana la anga.

Kata kadi nyeusi, toboa tundu la milimita 50 katikati, weka mbele ya lenzi. Sasa una f/8, wakati kwa inchi 2 kanuni inataka f/6 tu. Gharama yake ni boksi la viatu.

Mama_Wawili_Nyegezi
Kaka Fundi, kadi nimeitumia mwaka mzima. Zambarau inapungua kweli, lakini kreta ndogo zinaondoka nayo. Milimita 80 inatenganisha vitu vilivyoachana karibu kilomita 3 kule Mwezini. Ukibana hadi 50 inapita kilomita 4. Mimi naacha mdomo wazi, halafu kwenye kompyuta naigawa picha kuwa nyekundu, kijani na bluu, nabaki na ya kijani peke yake. Programu ya GIMP inafanya hivyo bure. Lenzi hizi hufokasi vizuri zaidi kwenye kijani, na kwa kawaida nusu ya vitone vya sensa ya kamera ni vya kijani. Ile ya bluu ukiifungua peke yake utakuta ukungu mtupu. Ndiyo maana kufuta rangi tu hakutoshi: ukungu unabaki palepale, umegeuka kijivu.

Sengerema_Usiku
Dada, kwa kreta nakubali, kwa bahari za Mwezi (yale mabaka meusi) nakataa. Mwezi una rangi zake! Bahari ya Utulivu, walipotua Apollo 11 mwaka 1969, ina titani nyingi, na ukikoleza rangi inaelekea bluu kuliko bahari jirani yake, Mare Serenitatis. Ukibaki na kijani umezizika. Filta ya njano nayo inakata zambarau lakini inaupaka Mwezi mzima. Nilihamia kioo cha milimita 114: kioo kinarudisha mwanga bila kuupinda, rangi zote zinakutana pamoja. Kazi yake ni kunyoosha vioo upya kila nikivuka nayo ziwa. Naikubali kazi hiyo.

Fundi_Kirumba
Nyongeza. Ukiona bluu upande wa juu na nyekundu chini, hiyo ni hewa. Zambarau ya lenzi huzunguka pande zote. Sisi tuko nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, Mwezi ukifika kilele chake hapa hauwi chini ya nyuzi 58. Usubiri upande. Ukiupiga unapochomoza, hata ED itatoa rangi. ED niliwahi kuazima, milimita 80 f/7, zambarau ilibaki uzi wa kutafuta. Ni nzuri, ila kwa Mwezi peke yake nisingeuza mbuzi.

Jiwe_la_Capri
Nimerudi. Jana Mwezi ulikuwa wa siku 10, taa za dagaa zimeshapungua ziwani kwa ajili ya mbalamwezi. Nimepiga kwa kadi na bila kadi. Ya kijani, mdomo wazi, imenionyesha vilele vya katikati ya kreta ya Copernicus; sikuwahi kuviona kwenye picha zangu, nimeitazama hadi saa sita. Ya kadi ina vilele vilivyofifia, lakini rangi ni safi. Dada, haziwezi kuunganishwa?

Mama_Wawili_Nyegezi
Zinaweza, mdogo wangu. Ilaze ya kijani juu, chukua mwangaza wake, rangi ziachie za picha ya kadi. Sengerema atapata bahari zake. Ila usiguse zumu ya simu kati ya picha moja na nyingine, la sivyo hazitalaliana.